Dholuo, Kiswahili, Lingala na Kilatini: Lugha za nyimbo katika ukanda wa Rodi Kopany

RODI KOPANY ni mji mdogo wa biashara katika Kaunti ya Homa Bay, mahali ambapo barabara itokayo mjini Homa Bay kuelekea Rongo hukutana na ile iendayo Ndhiwa na Karungu, kando ya Ziwa Victoria. Mji huo unajulikana zaidi kwa soko lake la mifugo. Ukanda unaouzunguka, ambao zamani wote ulikuwa Wilaya ya Nyanza Kusini na leo umegawanyika katika kaunti za Homa Bay na Migori, unafahamika pia kwa jambo jingine: ni miongoni mwa maeneo yaliyoulea muziki wa benga.

Msikilizaji mgeni akifika huko aghalabu hudhani kwamba nyimbo zote ni za Dholuo, lugha ambayo wengine huiita Kijaluo. Akitega sikio atatambua kwamba sivyo. Bendi ileile huweza kusifu kwa Dholuo, kuonya kwa Kiswahili, kupamba kwa Lingala na kujitangaza kwa Kiingereza. Kanisani nako, kwaya moja huimba Dholuo, nyingine Kiswahili, na yapo madhehebu ambayo bado hutumia Kilatini. Lugha hizo hazikuchanganyika kiholela. Kila moja ina kazi yake, na kila moja ililetwa na historia yake.

Dholuo, lugha ya ukoo na sifa

Msingi wa muziki wa Waluo ni nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukipiga akiwa ameketi chini, huku akigonga ubao wake kwa pete ya chuma iliyovikwa kidoleni mwa mguu. Neno la Dholuo la chombo hicho, thum, ndilo pia neno la muziki kwa jumla, na mpigaji huitwa jathum. Pamoja na nyatiti zipo orutu, chombo cha uzi mmoja kinachopigwa kwa upinde, na ngoma za ohangla.

Vyombo hivyo vilitumika matangani, arusini na katika vikao vya pombe, na lugha yake ilikuwa Dholuo kwa sababu kazi yake kuu ilikuwa kutaja watu. Jathum alitaja marehemu, wazazi wake, mahali alikotoka na mambo aliyoyatenda. Mwanamke alitajwa kwa nchi alikozaliwa: nyar Gem ni binti wa Gem, nyar Alego ni binti wa Alego. Kwa kuwa Waluo huoana nje ya koo zao, jina la namna hiyo humweleza msikilizaji kwa neno moja mwanamke huyo ametoka wapi na ni wa nani. Kulitafsiri ni rahisi, lakini uzito wake haufiki upande wa pili.

Ipo pia desturi ya pakruok, yaani kujisifu. Mtu katika hadhira hutoa fedha, muziki husimama, naye hutamka majina yake ya sifa, ya rafiki zake au ya kijiji chake, kisha muziki huendelea. Desturi hiyo ilihama kutoka kwa nyatiti hadi ohangla na benga bila kupoteza nguvu. Kwa mwanamuziki, pakruok ni sanaa na ni riziki kwa wakati mmoja.

Benga yenyewe ilianza kujengeka katika miaka ya 1950 na 1960, vijana walipohamishia kwenye gitaa mtindo wa kudonoa nyuzi za nyatiti. Miongoni mwa waliotangulia ni George Ramogi, Ochieng Nelly, Collela Mazee na Daniel Owino Misiani. Gitaa lilikuwa la kigeni, lakini mashairi yalibaki ya nyumbani. Hata Okatch Biggy, ambaye bendi yake ya Heka Heka ilitawala kumbi za Nyanza katika miaka ya 1990, alijenga jina lake kwa nyimbo za Dholuo za kuwasifu wanawake na marafiki.

Lugha ya mafumbo

Dholuo kilikuwa na kazi nyingine: kusema lisilosemeka. Mtu anayekumbukwa zaidi kwa hilo ni Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz. Alizaliwa mwaka 1940 Shirati, upande wa Tanzania, katika nchi ya Waluo iliyokatwa na mpaka wa wakoloni, lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Kenya. Nyimbo zake zilijaa wanyama, visa vya Biblia na methali. Wimbo wake Bim en Bim, maana yake nyani ni nyani, haukumtaja kiongozi yeyote, lakini wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa nyani ni nani.

Fumbo la namna hiyo hutegemea lugha. Katika Dholuo, jina la mnyama hubeba hadithi ambazo msikilizaji alizisikia kwa bibi yake, na hadithi hizo ndizo zinazokamilisha wimbo. Kwa asiyejua Dholuo, nyani hubaki nyani. Kinga hiyo hata hivyo haikuwa kamili, kwani Misiani aliwahi kutiwa mbaroni kwa sababu ya nyimbo zake. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mnamo Mei 17, 2006.

Kiswahili, lugha ya soko na onyo

Kiswahili kiliingia katika nyimbo za ukanda huo kwa milango miwili. Wa kwanza ni Nairobi. Mwanamuziki aliyekwenda kurekodi jijini alikuta soko la wafanyakazi wa makabila yote. Gabriel Omolo ni mfano bora. Wimbo wake Lunch Time, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, uliimbwa kwa Kiswahili ingawa jina lake ni la Kiingereza, nao ulieleza jinsi wafanyakazi wa jijini wanavyoipitisha saa ya chakula cha mchana, mwenye fedha na asiye nazo. Mada hiyo haikuwa ya kabila moja, na lugha yake haikuweza kuwa ya kabila moja. Ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizouzwa sana nchini katika enzi hiyo.

Mlango wa pili ni redio. Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya ilitangaza kwa Kiswahili, huku lugha nyingine zikigawana saa chache za siku. Ng'ambo ya mpaka, Radio Tanzania Dar es Salaam ilishikilia sera ya Kiswahili kwa ukali zaidi. Mwanamuziki aliyetaka kusikika nje ya kwao alijua afanye nini. Kadhalika bendi zilizotoka Tanzania na kuhamia Nairobi, kama Simba Wanyika ya ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga waliotoka Tanga, zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kumlisha mwanamuziki nchini Kenya.

Kwa waimbaji wa benga, Kiswahili kikawa lugha ya kuuhutubia umma. Jambo hilo lilionekana wazi zaidi wakati wa janga la Ukimwi, ambalo liliitikisa Nyanza kuliko sehemu nyingine za Kenya. Katika Dholuo ugonjwa huo ulipewa jina la ayaki, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kupora. Wazee wengi nao waliuona kama chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Ni katika hali hiyo ambapo Princess Jully wa Migori, aliyerithi uongozi wa bendi baada ya mumewe, Prince Jully, kufariki mwaka 1997, alivuma kwa wimbo Dunia Mbaya, ulioonya juu ya ugonjwa huo.

Jina la wimbo huo ni la Kiswahili, na maneno hayo mawili yalitosha kuusafirisha nchi nzima. Mtu wa Mombasa au Nakuru ambaye hakuelewa neno la Dholuo alielewa kilio. Katika nyumba nyingi ambamo ugonjwa huo haukutajwa kwa jina, maneno hayo yakawa njia ya kuutaja.

Lingala, lugha ya mapambo

Lingala haina kijiji hata kimoja katika Homa Bay wala Migori, lakini muziki wa huko hauwezi kuelezwa bila kuitaja. Rumba ya Kongo ilivuma Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950 na 1960, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 bendi za Wakongomani, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, zilifanya makao Nairobi. Nchini Kenya neno Lingala limekuwa jina la aina ya muziki: mtu husema anapenda Lingala bila kudai kwamba anaijua lugha hiyo.

Wakongomani wenyewe walifuata soko. Wimbo uliowatambulisha Super Mazembe kwa Wakenya wengi, Shauri Yako, ni wa Kiswahili. Waluo walielekea upande wa pili. Ochieng Kabaselleh, kiongozi wa Luna Kidi, alijipa jina linalofanana na la Joseph Kabasele wa African Jazz, akaimba hasa kwa Dholuo huku akichanganya Kiswahili kingi na Kiingereza. Moja ya mikusanyo ya nyimbo zake inaitwa Sanduku ya Mapendo, na mwenye sikio la Kiswahili hutambua mara moja kwamba upatanisho huo una ladha ya Kongo, kwani Kiswahili sanifu kingesema sanduku la mapendo. Musa Juma wa Orchestra Limpopo International, aliyefariki Mombasa mwezi Machi 2011, aliisogeza benga karibu zaidi na rumba.

Lingala iliingia kama pambo: neno la kuchochea gitaa, mwito wa kucheza, kiitikio. Jambo lililorahisisha mchanganyiko huo ni kwamba Wakongomani walikuwa na desturi yao ya libanga, ya kutaja majina ya wafadhili ndani ya wimbo kwa malipo. Aliyezoea pakruok hakuwa na la kujifunza hapo. Jina la mtu halihitaji tafsiri.

Hata majina ya bendi yanasimulia mchanganyiko huo. Jazz ni neno la Marekani, Orchestra limepitia Kongo, na Heka Heka ni Kiswahili kitupu. Mwenye bendi alijiita kwa lugha ya ulimwengu, kisha akapanda jukwaani na kuimba kwa lugha ya mama yake.

Nyimbo za ibada

Makanisa yaliingia Nyanza Kusini kwa lugha ya wenyeji. Wamisionari wa Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen, Mkanada, walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Walijifunza Dholuo, wakaiandikia sarufi na kuleta mashine ya kuchapia vitabu. Mpaka leo waumini wao huimba kutoka Wende Nyasaye, kitabu cha nyimbo cha Dholuo, na panapokusanyika watu wa makabila mengi hushika Nyimbo za Kristo, kile cha Kiswahili. Kanuni ya benga inajirudia: Dholuo kwa walio nyumbani, Kiswahili kwa walio mchanganyiko.

Kanisa la Legio Maria lilichukua njia tofauti. Lilizaliwa miongoni mwa Waluo mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, waliojitenga na Kanisa Katoliki, na moja ya vituo vyake vitakatifu ni Got Kwer, katika Kaunti ya Migori. Katika miaka ileile Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliwafungulia Wakatoliki mlango wa kusali kwa lugha zao. Legio Maria, kanisa la Waafrika lililojitenga, ndilo lililobaki na misa ya Kilatini, likiichanganya na nyimbo za Dholuo na Kiswahili. Kwa waumini wake Kilatini si lugha ya Ulaya. Ni lugha ya altare, na heshima yake haipungui kwa kuwa wengi hawaielewi neno kwa neno.

Mfano wa India Kusini

Hali hiyo ya kuimba kwa lugha ambayo msikilizaji haijui si ya Waluo peke yao. Muziki wa kale wa India Kusini, uitwao Karnataka, una historia inayofanana nayo. Mtunzi wake anayeenziwa kuliko wote, Tyagaraja (1767–1847), aliishi Thiruvaiyaru, katika nchi ya Watamili, lakini nyimbo zake karibu zote ni za Kitelugu. Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumbani kwake, na pia lugha iliyopewa heshima na watawala wa Thanjavur waliowatangulia watunzi wa enzi yake. Mwenzake Muthuswami Dikshitar alitunga hasa kwa Kisanskriti, lugha ya mahekalu. Kabla yao Purandara Dasa, wa karne ya 16, alitunga kwa Kikannada.

Matokeo yake ni kwamba kwa vizazi vingi Watamili walikaa katika kumbi zao wenyewe wakisikiliza Kitelugu na Kisanskriti. Wapenzi wa Kitelugu husema kwamba lugha hiyo inafaa kuimbwa kwa sababu maneno yake huishia kwa irabu. Hoja hiyo ingeweza kutolewa kuhusu Kiswahili, ambacho maneno yake pia huishia kwa irabu, ilhali maneno mengi ya Dholuo, kama thum, wer na nyar, hufungwa kwa konsonanti. Lakini benga imeonyesha kwamba konsonanti haimzuii mwimbaji. Kinachoamua ni nani anayelipa na nani anayesikiliza.

Watamili hatimaye walidai haki yao. Mwaka 1943 kiliundwa Chama cha Muziki wa Kitamili huko Madras, jiji linaloitwa sasa Chennai, kwa lengo la kuhakikisha kwamba nyimbo za Kitamili zinapewa nafasi kamili katika maonyesho. Hawakuzifukuza nyimbo za Tyagaraja. Walichokataa ni mtu kuwa mgeni katika ukumbi wa kwao.

Lugha zisizosikika

Dholuo kimekuwa kwa wengine kile ambacho Kitelugu kilikuwa kwa Watamili. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na katika sehemu za bara zinazovielekea, wanaishi Wasuba, ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu. Kwa vizazi kadhaa wameoana na Waluo, wakafanya biashara na kusali pamoja nao, na wengi wao sasa huzungumza Dholuo nyumbani. Shirika la Unesco linaihesabu lugha yao miongoni mwa zile zilizo hatarini. Bendi iliyotoka visiwani iliimba Dholuo, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na soko, wafadhili na kampuni za kurekodi.

Kampuni hizo zilikuwa na uzito mkubwa. Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa Migori aliyewahi kuwa mbunge, alizisambaza sahani za benga hadi kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe muziki huo ukaitwa kanindo kwa jina lake. Huko Kericho, duka la ukoo wa Chandarana, wenye asili ya India, lilirekodi waimbaji wa Kiluo, Kikipsigis na Kikisii. Lugha iliyokuwa na wanunuzi wa kutosha ilipata sahani. Isiyokuwa nao haikupata. Wakuria wa Migori, wenye chombo chao cha nyuzi kiitwacho iritungu, waliilinda lugha yao vyema kuliko Wasuba, lakini wao pia walibaki pembezoni mwa soko hilo.

Zimbabwe haikuwa mahali pekee ambapo Dholuo kilipendwa bila kueleweka. Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyefariki mwaka 2019, alitoa mwaka 1993 albamu En Mana Kuoyo, na wimbo wake Kothbiro, maana yake mvua inakuja, ulisikika duniani kote kupitia filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mamilioni waliousikia hawakujua kwamba unahusu mvua.

Nafasi ya redio

Tangu utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, idhaa za Dholuo kama Ramogi FM na Radio Nam Lolwe zimebadilisha hesabu. Mwimbaji wa ohangla kama Tony Nyadundo aliweza kuvuma nchini akiimba Dholuo, bila kungoja saa chache za Idhaa ya Taifa. Hapo awali njia ya kulinda muziki wa nyumbani ilikuwa amri: mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagiza robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya, lakini agizo hilo halikudumu. Soko la lugha lilifanikisha kile ambacho amri ilishindwa.

Hata hivyo, soko huzisaidia lugha zenye watu wengi. Kwa Kisuba, tegemeo ni redio ya jamii ya Ekialo Kiona iliyoanzishwa Mfangano, na jukwaa la Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo tangu mwaka 1927 limekuwa likikusanya waimbaji na ambako shule huwasilisha nyimbo za jamii mbalimbali. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Sheria inaweza kuilinda lugha isifutwe katika maandishi, lakini haiwezi kuitungia nyimbo.

Hilo ndilo fundisho la ukanda wa Rodi Kopany. Dholuo kimedumu kwa sababu watu walikuwa tayari kulipa ili majina yao yatajwe kwacho. Kiswahili kimepata nafasi kwa sababu kuna mambo, kama njaa ya mchana na ugonjwa, yasiyokuwa na kabila. Lingala na Kilatini vimepokewa kwa utamu na utukufu wake. Kisuba nacho kinangoja watunzi wake, na muda wa kungoja si mrefu, kwa kuwa wazee wanaojua nyimbo zake za arusi na za uvuvi hawazidi kuongezeka.